Kofi la Darasani

Katika darasa la Kiingereza la watu wazima, Mwalimu Kizito alitumia sheria ya shule za watoto: aliyepata humpiga kofi aliyekosa.

"Nilinunua kuku. Kuku akafa," alisema. "Wapi tunaweka *a*, na wapi *the*?"

Makame alisimama, akamwekea *the* kuku wa kwanza.

"Kumbe huyo kuku sote tunamjua?" mwalimu aliuliza. "Ni shemeji yako?"

Darasa likacheka. Mwalimu akamnyooshea kidole Mwanakheri. Naye akajibu: kuku anayetajwa kwanza ni *a*, akishajulikana ndipo *the*. Alijibu kabla hajakumbuka kwamba aliyekosa ni mumewe.

"Vizuri. Mpe bwana haki yake."

Mwanakheri alimgusa Makame shavuni kwa ncha za vidole, kama anayempangusa vumbi.

"Huko ni kubembeleza, mama. Rudia, au nikuonyeshe kwa shavu lako."

Makame aliinama kumsogezea uso, akitabasamu ili watu waone. "Piga tu, mke wangu," alisema kwa sauti. Kisha akanong'ona, "Mimi nitapiga nyumbani. Unajua ninavyopiga."

Mwanakheri alijua. Alijua pia kwamba angepigwa hata kwa kofi lile la ncha za vidole, kwa sababu watu walikwisha kucheka.

Alizisukuma bangili zake hadi karibu na kiwiko, akaikaza miguu yake sakafuni, akainua kiganja kizima.