Nywila Moja, Jiko Moja

Siku hizo kumbukumbu za watu zilitunzwa winguni, na kila Ijumaa kila mtu alipandisha nakala ya kichwa chake. Mwanakombo, kwa uvivu wa kukariri nywila, alitumia akaunti moja na mama mkwe wake, Bi Nasra. Wanapika jiko moja, kuna ubaya gani?

Ubaya ulikuja homa kali ilipomfutia mwaka mzima, harusi yake ikiwemo. Fundi wa wingu akaja kumrudishia nakala. "Tulia ishuke, dada. Usitikise kichwa, hii si soda."

Ikashuka. Mwanakombo akashika tumbo. Alisikia mvua ikipiga bati, akasikia uchungu wa kuzaa, kisha akapokea kitoto chekundu chenye baka jeusi sikioni. Baka lile alilijua. Machozi yakamtoka kwa kustaajabu: mke gani mwingine duniani alimwona mumewe akivuta pumzi ya kwanza?

Shekue, mumewe, akainama kitandani. "Umenikumbuka?"

"Nakukumbuka tangu huna meno."

Shekue akacheka. "Na harusi yetu je?"

Mwanakombo akaitafuta kichwani, hakuiona. Fundi akajikuna kisogo. "Akaunti moja, dada. Ya kwako itakuwa imeshukia kwa mwenzako."

Wakageuka. Bi Nasra alikuwa amesimama mlangoni, amejitanda kanga mpya, anakagua viganja vyake.

"Shekue," aliita kwa sauti ya haya, na leo hakusema mwanangu. "Hina yangu imefutika lini?"