Jina la Kukaliwa

Seremala aliliingiza benchi jipya kwa ubavu, akainamisha kichwa kuupita mlango, kisha akaliweka chini taratibu kama anayemlaza mtoto.

"Fundi, hili si la kukalia, hili ni la kupigia picha," alisema kinyozi, mashine ikinguruma kisogoni mwa mwalimu. "Umeacha nafasi ya jina?"

"Nimeacha."

Kila msimu ulipoanza, mashabiki wa mpira wa kikapu wa mtaa ule walikutana kwa kinyozi kumchagua mchezaji wa zamani waliyemchukia kuliko wote waliowahi kuvaa jezi ya timu yao. Jina lake lilichongwa kwenye benchi la wateja, ili watu wamkalie mwaka mzima. Miaka mitatu mfululizo lilikuwa jina la Koleo, ambaye zamani, kwenye fainali, alikosa mitupo miwili ya adhabu zikiwa zimebaki sekunde tatu. Sasa benchi la Koleo lilikuwa limevunjika mguu, na seremala alijitolea kutengeneza jingine.

"Tusipoteze muda," alisema mwalimu kutoka chini ya shuka. "Koleo. Ile mikono sijui alizaliwa nayo au aliazima njiani."

"Koleo!" aliitikia Mama Tiketi, aliyewahi kukata tiketi miaka ishirini kwenye lango la uwanja. "Siku ile nilimzomea mpaka sauti ikakauka wiki nzima. Mume wangu anasema ndiyo wiki tamu kuliko zote za ndoa yetu."

Walicheka. Seremala hakucheka. Aliwatazama macho yao yalivyong'aa kwa kumtukana Koleo, walivyokumbuka hata rangi ya soksi zake, na kitu kikamkwaruza kifuani.

"Mimi nasema Namba Kumi na Nne," alisema.

Walitazamana.

"Kumi na Nne yupi?"

"Wa fainali ileile. Aliingia robo ya mwisho, akacheza dakika nne. Mpira ulimponyoka mara mbili, halafu akatoa pasi moja kwa moja mikononi mwa adui. Bila yeye, Koleo asingekuwa na haja ya ile mitupo."

"Simkumbuki," alisema mwalimu.

"Msimu mzima alikaa benchi. Siku anaitwa, hata kamba ya kiatu cha kushoto hakuwa ameifunga."

"Kamba ya kiatu uliionaje kutoka jukwaani?"

"Nilikaa karibu."

Mama Tiketi alitikisa kichwa. "Baba, mtu wa dakika nne anachukiwaje? Chuki inataka muda. Mtu akuumize, umsamehe, akuumize tena."

"Kwa nini kila mwaka Koleo?" Sauti ya seremala ilipanda ghafla. "Koleo ana nini? Mpaka watoto waliozaliwa juzi wanamjua Koleo! Mwenzake alifanya ubaya mkubwa zaidi, na hakuna hata mmoja anayemtaja. Hiyo ni haki?"

Kinyozi alizima mashine. Alimfahamu seremala kwa miaka miwili tu, tangu alipohamia pale mtaani: mtu mpole, mwenye ndevu na kitambi, ambaye hata timu ikifungwa hupiga makofi.

"Fundi," alisema kwa upole. "Huyo mtu alikukosea nini?"

Seremala aliviangalia viganja vyake.

"Mke wangu alikuwa anaenda uwanjani kwa ajili yake," alisema. "Timu yenyewe hata hakuijali. Mpaka leo picha ya mtu huyo iko chumbani kwetu. Jezi yake anaifua mwenyewe kwa mkono, anaikunja mwenyewe. Hataki niiguse."

"Chumbani!" Mama Tiketi alijishika mdomo.

"Na wewe unalala humohumo?" aliuliza mwalimu.

"Sasa nilale wapi?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mwalimu alitoa mkono chini ya shuka na kuunyoosha juu, kama wanafunzi wake. "Kura yangu naiondoa kwa Koleo. Wivu wa namna hii unaweza kumlaza mtu hospitali."

"Mimi simjui," alisema Mama Tiketi, "lakini kuanzia leo namchukia. Kwa moyo wote."

"Nami pia," alisema kinyozi. "Picha chumbani! Hana adabu."

Patasi ilikuwa tayari mkononi mwa seremala. Alipiga magoti akachonga moja, akachonga nne, akapuliza vumbi, akapapasa tarakimu kwa kidole gumba. Alipoinuka, wote watatu walijitupa juu ya benchi kwa pamoja, mwalimu akiwa amenyolewa nusu kichwa.

"Mshenzi mkubwa!" alisema mwalimu akijitingisha. "Na ile pasi! Unajua naanza kuikumbuka ile pasi?"

"Hata mimi," alisema Mama Tiketi. "Alikuwa na miguu kama ngazi, yule. Mpumbavu!"

Seremala aligeukia dirishani akajifuta macho kwa kiwiko. Mama Tiketi aliinuka akampigapiga mgongoni. "Yatoe yote, baba," alimwambia. "Leo tumekulipizia."

Seremala alirudi nyumbani akitembea upesi kuliko kawaida yake. Mkewe alikuwa uani akianua nguo, jezi kuukuu ya kijani ikiwa begani mwake.

"Haya, niambie," alisema mkewe. "Wamekukumbuka?"

"Nimemshinda Koleo," alisema seremala, akicheka kama bwana harusi. "Watanikalia mwaka mzima!"