Tepu Juu ya S

Mwajabu alilitoa gari hospitalini asubuhi bila kuuliza tena chochote. Daktari alikuwa ameshasema mumewe, Kibwana, arudi nyumbani akapumzike, na kwa jinsi alivyolitamka neno hilo, wote wawili walimwelewa.

Kwenye mlima gari likaanza kuchoka. Mbele yao lori la mchanga lilijivuta na kuwatemea moshi. Mwajabu, aliyekuwa hajalala siku nne, alilifuata tu.

Pembeni mwa gia, herufi S ilikuwa imefunikwa kwa tepu nyeusi. Kibwana aliibandika siku waliyonunua gari, akasema gia hiyo ni ya vijana: gari linapata nguvu, lakini linakunywa mafuta. Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyeigusa.

Sasa mkono wake, wenye plasta ya dripu, ulisogea taratibu. Akaibandua tepu kwa ukucha.

"Baba Nasra, unafanya nini?"

"Lipite hilo lori."

"Mafuta yataisha."

"Mama Nasra, liache linywe."

Akaivuta gia hadi kwenye S. Injini ikanguruma kwa sauti wasiyowahi kuisikia, migongo yao ikagandamia viti, lori likabaki nyuma. Kibwana akacheka mpaka akakohoa.

Kileleni barabara ilinyooka. Mwajabu alitaka kuirudisha gia, akaukuta mkono wa mumewe bado upo pale. Akauweka wake juu yake. Nyumba yao ikaonekana kushoto, kisha ikapita, na injini ilikuwa bado inanguruma.