Punje ya Muthokoi

Mwongeli alimpakata sungura wake, na kwenye sharubu akakuta punje ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa. Hakuelewa. Daktari wa mifugo alikataza kabisa mahindi, eti mnyama amenenepa kupita kiasi, na mwezi mzima Mwongeli alimpa nyasi tu na kumkimbiza sebuleni. Mbona uzito ulizidi kupanda?

Mama mkwe, aliyekuja kuwatembelea kutoka Mbooni, akatokea jikoni na sahani. Sungura, ambaye kukimbia kwake ni mpaka asukumwe, akachomoka mapajani akamkimbilia.

"Mwaitu, kumbe ni wewe unamlisha?"

"Kwani huyu si wa pasta wa kanisani?" Mama mkwe naye alichanganyikiwa. "Mimi namnenepesha, wewe unamkondesha. Na kesho pasta anakuja kula, nimeshamwambia ni sungura."