Jumamosi ya Harmon na Pickett

Maiti ya Cleophus Gaddis ilikaa kwenye jokofu siku kumi na moja, ikingojea Jumamosi ambayo mtu mwenye akili zake hawezi kuichagua kumzikia hata mbwa.

"Bi Odessa," Lucius alimwambia mjane, kwa upole wa mtu ambaye kazi yake ni kuzika, "siku hiyo Harmon wanacheza na Pickett."

"Najua, mwanangu."

"Mpira unaanza saa nane."

"Ndiyo maana nimesema saa nane."

Lucius alikuna kichwa. Huzuni humvuruga mtu, hilo alilijua, lakini hii sasa ilizidi. Vyuo hivyo viwili vilikuwa vikichukiana tangu enzi za babu zao, na siku vilipokutana jimbo zima lilifunga milango. Hakuna harusi, hakuna ubatizo. Hata wezi walipumzika. Na marehemu ndiye aliyekuwa shabiki wa mashabiki! Tangu aingie chuoni Harmon, hakuikosa mechi ile hata mara moja, miaka hamsini na ushei.

"Hatakuja mtu," Lucius alisema. "Jeneza atalibeba nani?"

"Jeneza hubebeka."

"Mama, Mzee Cleo alipendwa na watu. Hebu mtazame pale."

Alielekeza kidole ukutani mwa ofisi yake. Picha ile, iliyopigwa kabla Lucius hajazaliwa, ilitundikwa katika kila duka la kinyozi na kila mgahawa mjini: Novemba 24, 1979, siku Harmon walipowafunga Pickett sekunde ya mwisho, na mashabiki wakaing'oa nguzo ya goli. Mbele kabisa, nguzo begani, mdomo wazi kwa kicheko, alikuwa Cleophus Gaddis kijana. Watoto wa mji huo waliikariri tarehe hiyo kabla hawajaijua Sala ya Bwana.

Bi Odessa hakugeuka kuitazama.

"Mngejaliwa hata mtoto mmoja," Lucius aliropoka, "angemsindikiza baba yake."

Mjane alimkazia macho kidogo, kisha akafunga vifungo vya koti lake. "Saa nane kamili," alisema, akachukua mkoba.

Jumamosi ikafika. Makaburini walikuwa watu wanne tu: mjane, Lucius, mchungaji mwenye kidude cha redio sikioni, na mchimba kaburi aliyevaa kofia ya Pickett bila haya. Jeneza lilisukumwa kwa kigari. Uwanja ulikuwa ng'ambo ya kilima, na ngoma za bendi zilisikika waziwazi. Mchungaji aliomba mbiombio, kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Saa nane kamili, kishindo cha watu elfu sitini kilipanda juu ya kilima. Lucius alimwonea mama wa watu huruma. Wote wale walimjua mumewe, wengi wao walikula mezani kwake, na hakuna hata mmoja aliyekuja kumtupia udongo.

"Pole, Mama. Nilikwambia. Kuzika peke yako ni upweke mkubwa."

"Ni mkubwa," Bi Odessa alikubali. "Mshusheni."

Walimshusha. Mchungaji alimkabidhi mjane konzi ya udongo. Akaushika kitambo, akisikiliza kelele za ng'ambo, kisha akaudondosha kando ya kiatu chake, akalipa kaburi mgongo. Alipiga hatua mbili, akapiga magoti kwenye nyasi ndefu, akaanza kufuta kitu kwa leso.

Lucius alidhani ameishiwa nguvu. Alimkimbilia, akamshika mkono ili amwinue, na hapo akaliona jiwe, dogo kama mkate, limechakaa kwa mvua. Akayasoma maandishi yake.

Leona Faye Gaddis. Miezi mitano. Mama yake alimzika, Novemba 24, 1979, saa nane mchana.