Harusi Iliyolala Ubavu

Bibi Nyamvula alivunjika nyonga siku mbili kabla ya harusi ya mjukuu wake, akaikosa. Video ilikuwa kwenye simu ya mjomba wa bibi harusi, na deki ya bibi inasoma diski tu. Chande, fundi wa kibanda cha video, akaihamishia kwenye diski, akaileta mwenyewe mpaka chumbani.

Akabonyeza. Maharusi wakatokea kwenye runinga wamelala ubavu. Keki imelala, wapiga ngoma wamelala.

"We Chande! Umewalaza maharusi mbele za watu?" Mwatumu, binti wa bibi, alipiga kelele. Chumba kizima kikaangua kicheko.

Chande alitamani ardhi ipasuke. "Mjomba wenu alishika simu wima. Nipeni diski nikaigeuze."

"Thubutu uiguse!" bibi alifoka kitandani. Nyonga ilimlaza upande mmoja, shavu kwenye mto, na kwake mjukuu alikuwa kasimama wima kabisa. "Wiki tatu nyie wote nawaona mmelala. Leo ndio namwona mtu kasimama."

Mwatumu akatandika mkeka. Mmoja mmoja wakajilaza ubavu kama bibi. Chande akavua viatu, akatafuta nafasi, na kwenye runinga bibi harusi akaanza kucheza.