Konzi Tatu

Shomari alikataa kiti. Aliizunguka meza ya mwandishi wa barua, pale kwenye baraza ya posta, kama kuku anayetaka kutaga.

"Andika: kaka, nina hasira nawe."

Bi Mwanamvua, mwandishi, akapiga taipu.

"Hapana, futa! Hasira ni ya mtoto aliyenyimwa uji. Mama kazikwa, mwanawe wa kwanza hakutokea! Weka ghadhabu."

"Ghadhabu ni ya Mungu, mwanangu. Wewe utaiweza?"

"Basi ghaidhi."

"Hiyo humkaba mwenye nayo, si anayeandikiwa."

Shomari akatia mkono mfukoni, akatoa fundo la kitambaa, akalifungua mezani. Ulikuwa udongo mkavu. Kaburini kila mwana hutia konzi tatu. Za kaka yake, Shomari hakuruhusu mtu mwingine azitie; alizifunga kitambaani, akaondoka nazo.

Bi Mwanamvua akauangalia ule udongo. Akaichomoa karatasi mashineni, akaikunja, akaiweka kando. Kisha akachukua bahasha kubwa ya kaki, akaipanua mdomo kwa mikono miwili, akamkingia.

Konzi ya kwanza ikaingia. Ya pili ikaingia. Ya tatu Shomari akaifumbata, akavuta kiti, akakaa. "Hii aifuate mwenyewe."